Wifi anarejea Wete na mirija miwili: titi limetengenezwa kwa nyama ya tumbo, tumuuguze vipi nyumbani?

UmmuNasra_Wete

Assalaam alaykum wapendwa.

Wifi yangu ana miaka 46. Ameondoshwa titi la kushoto kwa saratani, hospitali ya Bara, na katika operesheni hiyo hiyo wakamtengenezea titi jipya kwa nyama ya tumbo. Tezi za kwapa nazo zimetolewa. Leo ni siku ya 9. Ana mirija miwili yenye vibofu vya mpira, mmoja unatoka kwapani, mwengine chini ya tumbo. Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa "TRAM ya mzizi", paracetamol, tramadol, sindano za kuzuia damu kuganda kwa siku 5 zaidi, na arudi kliniki baada ya wiki moja.

Kaka anataka Jumamosi ampandishe boti aje nyumbani. Mama mkwe keshatoa mkaja kabatini, mafuta ya makonyo yapo, mkaa wa kufukizia upo, na mkandaji keshapelekewa habari. Anasema aliyekatwa tumbo ni sawa na mzazi wa operesheni, na asipofungwa tumbo litabaki kubwa.

Naomba kujua: mkaja anafungwa au hafungwi? Mirija tunaishughulikia vipi? Alaleje? Na kazi za nyumbani aanze lini? Wenye ujuzi nisaidieni kwa urefu, maana karatasi haisemi lolote.

---

Nesi_wa_Upasuaji

Wa alaykum salaam. Pole kwa kuuguza, na mgonjwa mpe pole. Naanza na mkaja kwa sababu ndio unaoweza kuiharibu kazi yote ndani ya siku moja.

"TRAM ya mzizi" maana yake ile nyama na ngozi ya chini ya kitovu haikutenganishwa na mwili. Imeachwa imeshikamana na msuli wa tumbo, ikapitishwa chini ya ngozi ya chembe ya moyo, ikatokezea kifuani na kushonwa kwa umbo la titi. Mishipa inayoilisha damu imo ndani ya msuli huo. Kwa hiyo titi lake jipya linakula kupitia njia iliyopo baina ya kitovu na mbavu. Mkaja unafungwa wapi? Hapo hapo, tena kwa kukazwa. Ukikaza, vena ndizo zinazozibwa mwanzo kwa kuwa kuta zake ni laini kuliko za ateri. Damu inaingia, haitoki. Titi linavimba, linakuwa gumu na la rangi ya zambarau iliyoiva, kisha nyama inaanza kufa kutokea pembeni.

Mkaja hafungwi. Hospitali nyingi humpa mgonjwa mkanda mpana wa mpira wa kuushika ukuta wa tumbo. Kama amepewa, ukae chini: ukingo wa chini ushuke kwenye nyonga, ukingo wa juu usipande kupita kitovu. Kiganja cha mkono kipite chini yake bila kulazimishwa. Akikaa kitako mkanda hupenda kupanda juu wenyewe, basi ushusheni kila mara. Kama hakupewa mkanda, msimbunie mwengine. Sidiria yenye waya ina kosa lile lile, maana waya unakaa juu ya mzizi. Avae dera pana au kanzu ya vifungo mbele, asilazimike kuinua mikono.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: titi hilo halina hisia. Neva zilikatwa. Ngozi ya tumbo juu ya mshono nayo imekufa ganzi. Kitambaa cha maji ya moto ambacho wewe ungekirusha kwa kuungua, yeye atakaa nacho akitabasamu, na asubuhi mnakuta malengelenge. Ngozi yenye damu ya kuhesabu haiponi kama ngozi nyengine, na jeraha dogo la moto linaweza kula mpaka ndani. Kwa hiyo asikandwe kwa maji ya moto, asiwekewe chupa ya moto, asifukizwe juu ya chetezo, wala asiwekewe barafu moja kwa moja. Na mafuta ya makonyo yaondoeni kabisa karibu naye. Ni makali, yanachoma ngozi nzima sembuse yenye mshono.

Sasa mirija. Kazi yake ni kuvuta maji yanayojikusanya pale ngozi ilipobanduliwa. Kinachovuta ni kibofu kilichominywa, kikijaa hewa hakivuti tena. Kimwageni mara mbili au tatu kwa siku, kwa saa zile zile, na kabla ya hapo kikifika nusu.

Waoshe mikono kwa sabuni, yeye na anayemsaidia. Mkono mmoja ushike mrija karibu na ngozi, uushike kweli kweli usivute mshono. Vidole viwili vya mkono wa pili vibane mrija na kuteleza taratibu mpaka kwenye kibofu, kusukuma vipande vya damu iliyoganda. Tone la mafuta ya kula au maji ya sabuni kwenye vidole hurahisisha. Kisha fungua kizibo bila kugusa ncha yake kwa ndani, mimina maji yote kwenye kikombe cha vipimo. Alama za kwenye kibofu hudanganya, bora kikombe kile cha dawa ya maji ya watoto, au bomba la sindano la mililita 20. Futa mdomo wa kibofu kwa spiriti, kiminye mpaka kitokwe na hewa yote, na kikiwa bado kimeminywa rudisha kizibo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafunga kwanza, wanaminya baadaye. Maji mwageni chooni.

Kila mrija una hesabu yake, usichanganye. Andika tarehe, saa, mililita, rangi. Mwanzo huwa damu, kisha rangi ya juisi ya rozela, kisha manjano kama chai ya rangi nyepesi. Mrija hutolewa ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24 siku mbili mfululizo. Wengine husubiri 20. Mfano: Jumatatu 48, Jumanne 36, Jumatano 27, Alhamisi 24, basi Ijumaa unaweza kutoka. Huo wa kwapa kwa kawaida ndio unaochelewa. Ukitolewa mapema maji hujaa chini ya ngozi, unabonyeza unaona yanacheza, na itabidi yavutwe kwa sindano hospitali. Ukiachwa zaidi ya wiki tatu nao huwa njia ya vijidudu. Daktari ndiye anayepima baina ya mawili hayo, na daftari lenu ndilo mizani yake.

Vibofu visining'inie. Fungeni kwa pini kwenye nguo, chini ya usawa wa kidonda, au mshone mifuko miwili ya kitambaa cha kanga ndani ya dera. Msivifunge kwenye shuka. Akigeuka usiku vinang'oka.

---

UmmuNasra_Wete

Shukran sana nesi, Allah akulipe. Nimempigia kaka hapo hapo. Anasema kibofu cha kwapani kinajaa hewa tena baada ya nusu saa, na leo kimetoa mililita 10 tu kutoka 55 ya jana. Amefurahi anasema kimekauka. Na plasta ya pale mrija unapoingilia imerowa.

---

Nesi_wa_Upasuaji

Hakikukauka. Kutoka 55 hadi 10 kwa siku moja huku plasta imerowa maana yake maji yapo ila yamepata njia nyengine. Kuna sababu tatu, muangalie kwa mpangilio huu. Kizibo hakikuingia sawa: kiondoe, kifute, kirudishe. Mrija umezibwa na uzi wa damu iliyoganda: ukamueni mara tatu nne kama nilivyoeleza, mtaona kitu kama mnyoo mwekundu kinashuka. Au mrija umechomoka kidogo. Ule mrija una vitundu kwenye sehemu inayolala ndani ya mwili. Tundu moja likitoka nje ya ngozi, kibofu kinanyonya hewa ya chumbani. Mkiona tundu nje, msiusukume ndani, mtaingiza uchafu mpaka chini ya titi. Fungeni kwa shashi safi, mpigieni daktari leo hii, asingoje kliniki.

Kwa sababu hiyo hiyo nasema Jumamosi ni mapema. Wako bado karibu na aliyempasua. Wabaki mpaka mirija itoke na kliniki ya kwanza ipite.

---

Mtaalamu_wa_Viungo

Naunga mkono la nesi kuhusu safari, na mimi niseme kuhusu mwili wenyewe.

Kulala: chali, mgongo umeinuliwa kama nyuzi 30 hadi 45, na mto mwengine chini ya magoti. Magoti yakikunjika mshono wa tumbo unalegea. Mito minne inatosha, miwili mgongoni, mmoja chini ya magoti, mdogo chini ya mkono wa kushoto. Kitanda kiwe kirefu. Kama kwenu kipo kitanda cha samadari ndicho hicho, maana kuteremka kutoka kitanda kirefu ni kuteleza tu, ilhali kunyanyuka kutoka godoro la chini ni kazi ya tumbo tupu. Asinyanyuke kwa kukaza tumbo. Akunje magoti, ajibiringishe ubavu wa kulia, ateremshe miguu, ajisukume kwa kiwiko cha kulia. Mumshike mgongoni, msimvute mkono wa kushoto hata siku moja.

Kutembea: anaanza ameinama kama ajuza na hilo ndilo sahihi. Ngozi ya tumbo imepunguzwa, ikivutwa ghafla mshono unafunguka pale katikati juu ya kinena, ambapo damu ni chache kuliko pote. Wiki ya kwanza na ya pili ainame, kisha anyooke kidogo kidogo kila siku. Lakini atembee. Mara tano sita kwa siku, ndani ya nyumba mpaka barazani na kurudi. Kulala tu kunagandisha damu kwenye miguu. Akikohoa au kupiga chafya akumbatie mto tumboni.

Choo cha kuchuchumaa kiepukwe wiki sita. Si kule kushuka, ni kule kuinuka. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinawekwa juu ya shimo, na fundi yeyote atawatengenezea. Na sala aswali kwenye kiti, rukuu na sijda kwa kuinamisha kichwa. Mgonjwa ameruhusiwa, asijilazimishe kusujudu kwa kuona haya.

Mkono wa kushoto. Watu wana makosa mawili yanayopingana: wapo wanaoufunga kama umevunjika, wapo wanaouinua siku ya tatu waone umefika wapi. Muda wote mirija ipo, kiwiko kisipande juu ya usawa wa bega. Chini ya hapo autumie: achane nywele, ale, ashike kikombe. Kila saa akiwa macho afumbe na kufumbua ngumi mara 10, akunje na kunyoosha kiwiko mara 10, apandishe mabega na kuyashusha mara 10, avute pumzi ndefu mara 10. Mirija ikitoka na daktari akikubali, asimame mbele ya ukuta, vidole vipande ukutani kama kaa anavyopanda mkoko, mpaka avutike bila maumivu makali. Ahesabu hadi 10, ashuke. Mara 5 hadi 10, asubuhi, mchana na usiku. Pigeni alama ya chaki kila siku.

Msilione hili kama pambo. Kama ataandikiwa mionzi, atalazwa kwenye mashine huku mkono umewekwa juu ya kichwa na hatakiwi kutikisika. Mkono uliokakamaa haufiki pale, na tiba inasubiri.

Baina ya wiki ya pili na ya nane anaweza kuhisi kamba nyembamba inayotoka kwapani kwenda kiwikoni, imekaza kama mshipi uliodaka samaki. Inatokea baada ya kutolewa tezi. Si saratani. Dawa yake ni kunyoosha taratibu kila siku, na mara nyingi hulegea yenyewe kwa wiki au miezi. Msiikate kwa kuisugua.

Kazi: nazipima kwa vyombo vya kwetu, kilo hazionekani kwa macho. Wiki sita za mwanzo uzito wa mwisho ni jagi la lita 2. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, isiguswe miezi mitatu. Mtoto asibebwe, bali apandishwe na mtu mwengine pale mgonjwa alipokaa. Kuchagua mchele, kumenya kitunguu mezani, kukunja nguo, hayo anaweza tangu wiki ya pili akiwa kitini. Kufagia na kufua kwa mkono ngoja wiki ya nane. Mbuzi ya kukunia nazi na kinu ni vya mwisho kabisa. Mbuzi unakaa chini, unainama, unasukuma kwa mikono yote huku tumbo limekaza, yaani makatazo yote kwa pamoja. Msuli mmoja wa tumbo wake umehamia kifuani, ukuta uliobaki ukitwishwa mzigo mapema unatokeza ngiri au uvimbe unaojitokeza akisimama.

Na kama ana shamba la mwani, baharini haingii mpaka kila kidonda kiwe kimefunga, bila kigaga hata kimoja.

---

Mkandaji_Mstaafu

Nimesoma yote na nataka kusema na UmmuNasra kuhusu mama mkwe wake, kwa kuwa hapo ndipo penye mlima.

Mama hana ubaya. Mkaja na kukanda ni ilimu iliyowahudumia wazazi wengi, na kwa mzazi ina maana yake, kizazi kinarudi na tumbo linashikwa. Ukimwambia "madaktari wamekataza" atasikia umemvunjia heshima. Mwambie hivi: mama, kwa mzazi tunarejesha kilichopanuka, kwa wifi kuna mche umehamishwa bado haujashika mizizi. Mche uliohamishwa jana haufungwi kamba shinani. Ataelewa, anayelima mkarafuu anajua.

Kisha mpe kazi, msimwache mikono mitupu. Miguu yake ikandwe? Hapana, si wiki hizi, damu iliyoganda mguuni ikisuguliwa inaweza kupanda mapafuni. Lakini kuna kumsuka nywele, kumkata kucha, kumpaka mafuta visigino, kumwogesha. Kuogeshwa kwenyewe kunataka mtu mtulivu: sehemu ya chini ya kiuno kwa kopo na maji ya vuguvugu, kifua na tumbo kwa kitambaa kibichi kupita kando ya plasta. Maji ayapime mwogeshaji kwa kiwiko chake, sio mgonjwa. Kukausha ni kwa kugusagusa, si kusugua, khasa chini ya titi na kwenye mkunjo wa tumbo, jasho la Pemba likikaa hapo mshono unaloana na kuoza.

Mikono ya mkandaji itahitajika baadaye. Vidonda vikifunga vyote, kama wiki ya sita, kovu hulainishwa kwa mafuta ya nazi safi yasiyo na manukato. Ncha ya kidole kimoja, miduara midogo, dakika tano, mara mbili kwa siku, kwa mkandamizo wa kutosha kubadilisha rangi ya ukucha tu. Ngozi zetu hupenda kufanya makovu manene. Likianza kuinuka na kuwasha aonyeshwe daktari mapema, kuna plasta za silikoni na sindano za kulishusha.

Na jambo moja la harusi: piko asipake mkono wa kushoto. Piko ya siku hizi imechanganywa dawa ya kupakia nywele, inababua watu. Mkono uliotolewa tezi ukibabuka ndio mlango wa kuvimba moja kwa moja. Hina ya majani matupu haina neno, vidonda vikishapona.

---

Duka_la_Dawa_Chake

Kwa ufupi kuhusu dawa.

Paracetamol gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na apewe kwa saa si mpaka aumwe. Angalieni dawa za mafua, nyingi zina paracetamol ndani. Tramadol hufunga choo, na kujikamua chooni kunavuta mshono wa tumbo. Apate maji ya kutosha, papai, ukwaju, mboga za majani, na siku mbili bila choo zikipita aulizie dawa ya kulainisha. Diclofenac na ibuprofen asijiongezee mwenyewe juu ya sindano ya kuzuia kuganda, atatoka damu. Sindano yenyewe wengine huchomwa tumboni. Yeye achomwe pajani upande wa mbele kwa nje. Na mkono wa kushoto usichomwe wala usipimwe presha.

Msifungue vidonge vya rangi mbili (vya antibayotiki) na kumwagia unga kidondani. Unga unakauka kama simenti, usaha unabaki chini yake. Habasoda na kitunguu thomu cha chakulani havina tatizo, ila vijiko vya mafuta na vidonge vyake aache mpaka amalize sindano.

Anayetafuna tambuu yenye tumbaku, au kukaa na wavuta sigara na shisha, ajue kuwa nikotini hubana mishipa midogo, na titi hili linaishi kwa mishipa midogo. Angalau wiki sita asiiguse. Chakula ni samaki, mayai, kunde, dengu, maziwa; kidonda kinajengwa kwa hivyo. Supu ya pweza ni nzuri, lakini supu peke yake haitoshi, ale na pweza mwenyewe.

Tamoxifen kama anayo, asianze wala asirudie bila kauli ya daktari wake, kwani huongeza hatari ya damu kuganda.

---

Mkoani_Kwetu

Safari itakapofika: kwa boti au kwa ndege, achukue daftari la mirija, karatasi ya hospitali na dawa mkononi, sio kwenye begi la mizigo. Boti akae katikati kwa chini, pasipotupwa sana. Kusi likivuma, dawa ya kichefuchefu ainywe nusu saa kabla ya kupanda, kwani kutapika na mshono wa tumbo ni adhabu. Ainuke atembee kila saa akishikwa. Mkoani hadi Wete ni njia ndefu, chukueni gari ya kukodi na akae mbele, kiti kimelazwa kidogo, mto mdogo baina ya kifua na mkanda wa gari. Bodaboda hapana, wala gari ya abiria ya kusimama simama.

---

UmmuNasra_Wete

Kaka amekubali kubaki, watafikia kwa shangazi mpaka mirija itoke. Kizibo ndicho kilichokuwa kibaya, kimerudishwa, kibofu kimeshika na kimetoa 40. Mama mkwe amekasirika kidogo, lakini la mche limemuingia. Mkaja umerudi kabatini.

Swali la mwisho. Wifi ni mweusi kama mimi. Mnaposema titi likibadilika rangi, sisi tutaionaje? Na lini tusingoje asubuhi?

---

Nesi_wa_Upasuaji

Umeuliza swali ambalo karatasi nyingi hazilijibu, kwa sababu zimeandikwa kwa ngozi nyeupe.

Kwenye ngozi nyeusi usitegemee macho peke yake. Mwangalieni kwa mwanga wa mchana dirishani, si kwa taa ya manjano. Ile ngozi iliyotoka tumboni huenda ina rangi tofauti na ya kifua tangu mwanzo, hilo si ugonjwa. Ipigeni picha leo, muwe na cha kulinganishia. Kisha tumieni mgongo wa mkono: titi jipya na ngozi ya kifua upande wa kulia viwe na joto linalokaribiana. Bonyeza kwa kidole sekunde mbili, achia. Pale palipofifia parudi kwa sekunde mbili tatu. Likiwa la baridi, laini na linachelewa kurudi, damu haiingii. Likiwa limejaa, gumu, jeusi kuliko jana na linarudi mara moja tu ukiachia, damu haitoki. Hatari kubwa ya mishipa kuziba ni siku tatu za mwanzo, nanyi mmeshazipita, ila ukingo wa ngozi unaweza kufa baadaye: unakauka, unakuwa mweusi kama ngozi ya ngoma. Kipande kidogo namna hiyo huachwa na daktari kijitenge chenyewe. Msikibandue.

Msingoje asubuhi kwa haya: homa ya 38 au zaidi, au baridi ya kutetemeka, titi au tumbo kuvimba upande mmoja kwa saa chache, kibofu kujaa damu mbichi nyekundu, kumwagwa, na kujaa tena, maji ya mrija yaliyokuwa manjano kugeuka mazito yenye harufu, mshono kuachia, shavu moja la mguu kuuma na kuvimba, kifua kuuma au pumzi kukatika. Hilo la pumzi ni la kukimbizwa usiku huo huo, msipige simu kwanza. Kwa mlio Wete nendeni hospitali ya Wete, mkiwa na karatasi yenye neno TRAM, na mumwambie daktari wa zamu kwa mdomo wenu kwamba titi ni la nyama ya tumbo na mzizi unapita chini ya ngozi baina ya kitovu na mbavu. Asije naye akafunga bandeji ya kubana hapo.

Mkono wa kushoto ukiwa mwekundu au wa moto, na homa, hata kama ilikuwa mwiba tu wa samaki, ni dawa siku ile ile. Kwa hiyo kuparua samaki avae glovu, sasa na miaka ijayo.

Na baada ya miezi mkigusa donge gumu ndani ya titi jipya, mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu yakakauka. Lakini kwa aliyewahi kuwa na saratani donge halipewi jina kwa kupapaswa. Apigwe picha ya ultrasaundi. Na titi la kulia liendelee kupimwa kama kawaida, maana hilo halikuguswa.

Yale 40 ya leo yaandikeni, na ya jana iliyokuwa 10 pembeni mtie neno "kizibo", daktari asije akaihesabu.